Televisheni ya LED Inapogoma: Kutafuta Ubovu kwa Kufuata Dalili

Swali la kwanza ninalomuuliza mteja anayeingia kibandani kwangu Mwanjelwa, jijini Mbeya, akiwa amekumbatia televisheni si la aina yake wala bei aliyoinunulia, bali ni hili: ilipoharibika, ilikuwa inafanya nini? Jibu lake huokoa saa nzima ya kupima. Televisheni iliyozimika wakati wa radi, iliyokataa kuwaka baada ya umeme kukatika na kurudi mara tatu, na iliyokuwa ikififia kidogo kidogo kwa miezi miwili, zote zinaweza kufika mezani zikiwa giza vilevile, lakini ubovu wake hauko mahali pamoja.

Jina la LED huwachanganya wengi. Kioo cha televisheni hizi ni cha LCD, nacho hakitoi mwanga wowote. Hupitisha au kuzuia mwanga wa taa ndogo za LED zilizopangwa nyuma yake au kwenye ukingo wake. Kwa hiyo picha na mwanga ni vitu viwili, na kimoja kinaweza kufa kingine kikabaki kizima. Nyuma ya kioo kuna bodi ya pawa inayopokea umeme wa ukutani na kuushusha, kuna mazabodi inayoshughulikia sauti, picha na programu, na kuna bodi ya T-CON inayogawa picha hiyo kwenye mistari ya kioo. Katika televisheni nyingi ndogo za siku hizi, mbili kati ya hizo au zote tatu huunganishwa kwenye bodi moja, lakini kazi zake hubaki zilezile, na fundi anapaswa kuzitenganisha kichwani hata kama kiwandani hawakuzitenganisha.

Kabla ya kufungua

Kapasita kubwa ya bodi ya pawa hupokea umeme wa volti 230 ukiwa umeshageuzwa kuwa mkondo mnyoofu, na hivyo hubeba takriban volti 325. Kwenye televisheni kubwa zenye sakiti ya PFC, inayorekebisha jinsi bodi inavyovuta umeme wa ukutani, hufikia volti 380 hadi 400. Umeme huo unaweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Utoe kwa rezista ya omu 2,000 yenye uwezo wa wati 10, au kwa globu ya zamani yenye uzi, kisha upime kwa mita mpaka uone imeshuka chini ya volti 10. Wako wanaoishoti kapasita kwa bisibisi kwa kuwa wamezoea mlio wake; mlio huo huchimba shaba ya bodi na mara nyingine huondoka na aisii ya pawa, yaani chipu inayoiongoza bodi hiyo, na hapo ubovu mmoja umekuwa miwili.

Jambo jingine linalopotosha vipimo ni mahali pa kuweka ncha nyeusi ya mita. Upande wa bodi uliounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani hupimwa kwa kuweka ncha nyeusi kwenye hasi ya kapasita kubwa, na upande wa pili wa transfoma hupimwa kwa kuiweka kwenye bati la televisheni. Ukichanganya, mita itakuonyesha namba zisizo na maana, nawe utabadilisha vipuri vizima.

Haiwaki kabisa, hata taa nyekundu haipo

Anza na soketi. Nimewahi kupokea televisheni iliyosafirishwa kutoka Chunya, nikaichomeka, ikawaka papo hapo. Kilichokuwa kimekufa ni ekstensheni ya nyumbani kwa mwenyewe. Ukishahakikisha kuwa umeme unafika, itazame fyuzi ya bodi ya pawa, ambayo mara nyingi huandikwa T3.15A 250V. Fyuzi iliyokatika uzi tu, kioo chake kikiwa safi, huenda ilichoka. Fyuzi iliyolipuka na kioo chake kuwa cheusi inakwambia kuna shoti mbele yake. Usiweke nyingine kabla ya kupima daiodi nne za kunyoosha umeme, mosfeti ya pawa (swichi ya kielektroniki inayokata na kuunganisha umeme kwa kasi), na ile varista ya bluu au ya njano iliyo karibu na mlango wa umeme, ambayo kazi yake ni kufyonza umeme uliozidi. Varista iliyopasuka au kuungua ni ushahidi wa umeme uliozidi, na katika mitaa yetu chanzo kimojawapo ni nyutro kukatika kwenye nguzo, jambo linaloweza kuisukuma soketi ya nyumbani kuelekea volti 400. Ukiona hivyo, mshauri mteja awaulize majirani zake kuhusu friji na redio zao, na alitolee shirika la umeme taarifa kabla ya kuirudisha televisheni ukutani.

Baada ya kubadilisha vipuri vya upande huo, usichomeke moja kwa moja. Iunganishe televisheni kwa mfululizo na globu ya uzi ya wati 60 hadi 100. Globu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, kapasita imejaa na hali ni nzuri. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, shoti bado ipo, nawe umeokoa mosfeti mpya.

Kama fyuzi ni nzima na kapasita kubwa ina volti 325, lakini upande wa pili hakuna volti 5 wala 12, ubovu uko katikati: rezista za kuanzishia zimekatika, aisii ya pawa imekufa, au daiodi ya upande wa pili imeshoti na aisii inajizuia isiungue. Kama kwenye kapasita kubwa hakuna kitu na fyuzi ni nzima, fuata njia ya shaba kuanzia fyuzi, pitia thamista, mpaka mahali umeme unapopotelea.

Kuna ubovu wa kundi hili ambao huku Nyanda za Juu tunaujua kuliko mafundi wa pwani. Mzee mmoja wa Makete aliniletea televisheni ya inchi 32 mwezi wa Julai. Nilipomwamkia akaitikia, akaiweka mezani na kusema, “Kijana wangu, hii inaamka saa nne kama mtu aliyekesha kilabuni.” Nikaichomeka mchana ule, jua likiwa limepiga bati la kibanda, ikawaka bila tatizo. Nikamwomba aniachie. Kesho yake saa moja asubuhi, kibanda kikiwa bado na baridi ya usiku, niliiwasha tena: laini ya volti 12 ilipanda mpaka 7, ikaanguka, ikapanda tena, na taa nyekundu ikawa inapepesa. Nilichukua kikausha nywele nikapuliza joto kwenye kapasita moja moja za upande wa pili. Nilipofika kwenye moja ya mikrofaradi 1,000 volti 16, ambayo kichwa chake kilikuwa kimevimba kiasi cha kuhisiwa kwa kidole tu, televisheni iliwaka. Kimiminika cha ndani ya kapasita za aina hii kikishapungua kwa uzee, upinzani wake wa ndani hupanda, na baridi huupandisha zaidi. Ndiyo maana ubovu hujificha mchana na kujitokeza alfajiri. Niliweka nyingine ya mikrofaradi zilezile, volti 25, ya kuhimili joto la nyuzi 105, na pacha wake aliyekuwa pembeni nikambadilisha pia, kwa kuwa umri wao ni mmoja.

Taa nyekundu ipo lakini haiamki

Hapa bodi ya pawa angalau inatoa umeme wa kusubiri. Bonyeza kitufe cha televisheni yenyewe, usitegemee rimoti, kisha pima waya ulioandikwa PS-ON, P-ON au STB kati ya bodi mbili. Kwenye televisheni nyingi waya huo hupanda kutoka sifuri hadi takriban volti 3 mazabodi inapoagiza pawa iamke. Ukipanda na volti 12 zisitokee, rudi kwenye pawa. Usipopanda, kosa liko kwenye mazabodi au kwenye kitufe kilichoganda kwa vumbi na mafuta ya jikoni, hivyo chomoa kwanza waya wa vitufe uone kama tabia itabadilika. Taa ikipepesa kwa hesabu maalumu, kwa mfano mara tano kisha kimya, ihesabu na utafute maana yake kwenye kitabu cha mafundi cha modeli hiyohiyo, kwa sababu kila mtengenezaji ana hesabu zake.

Televisheni inayoishia kwenye nembo na kuanza upya kwa kawaida imeharibika programu, au umeme mdogo wa volti 1.2 hadi 3.3 unaolisha prosesa na kumbukumbu unayumba. Pima umeme huo kwanza. Kupakia programu kwa flashi ni rahisi ukiwa na faili sahihi, lakini faili lazima lifanane na namba ya bodi na pia na kioo. Lisipofanana, picha inaweza kugeuka juu chini au rangi kuchanganyika, na kuirudisha kunaweza kukulazimu kuichomoa kumbukumbu yenyewe.

Sauti ipo, picha hakuna

Huu ndio ugonjwa ninaoukuta kuliko mingine yote, na ndio unaotengenezwa vibaya kuliko mingine yote. Zima taa ya chumba, washa televisheni kwenye chaneli yenye sauti, kisha sogeza tochi karibu na kioo ukiielekeza kwa mshazari. Ukiona kivuli cha mtangazaji akisogeza midomo gizani, kioo ni kizima, T-CON ni nzima, mazabodi ni nzima, na kilichokufa ni taa za nyuma au sakiti inayozilisha. Jaribio hili halihitaji hata bisibisi.

Sasa pima waya zinazokwenda kwenye taa wakati wa kuwasha, ukiwa umeiweka mita kwenye kipimo cha juu. Volti zikiruka juu kwa sekunde moja au mbili kisha zikaanguka, na kioo pengine kikamulika mara moja, sakiti inafanya kazi yake: imesukuma umeme, haikupata njia, ikajizima. Taa za stripu huunganishwa kwa mfululizo, hivyo moja ikikatika, mnyororo mzima huzimika. Volti zikibaki zilezile za kuingilia, tuseme 24, bila kupanda kabisa, taa hazina kosa bado. Kagua kwanza waya ulioandikwa BL-ON kama mazabodi imetoa ruhusa, halafu aisii ya kuendesha taa, mosfeti yake, na daiodi iliyo baada ya koili.

Kufungua kioo kunataka meza pana, kitambaa cha pamba, na mtu wa pili kama televisheni inazidi inchi 40. Kioo kilichotolewa kwenye fremu ni chembamba na hukunjika kwa uzito wake mwenyewe, na zile tepe laini zinazokiunganisha na bodi ndogo za pembeni hazivumilii kuvutwa. Tepe moja ikichanika, hakuna kazi tena. Chini ya kioo kuna karatasi za kusambaza mwanga. Ninaweka alama ndogo ya kalamu kwenye kona ileile ya kila moja kabla ya kuinua, kwa kuwa ukizibadilisha mpangilio, mwanga utatoka wenye mawingu. Vumbi la Mwanjelwa wakati wa kiangazi si la kudharau: funga mlango, nyunyiza maji sakafuni, ndipo uzifungue.

Kipima taa za LED hutoa mkondo mdogo uliodhibitiwa, nacho huonyesha volti za kila taa. Taa za volti 3 na za volti 6 hufanana kwa macho, hivyo hesabu: stripu yenye taa sita ikiwaka kwa volti 36, kila taa ni ya 6, na stripu mpya lazima iwe ya 6. Mimi sibadilishi taa moja iliyokufa na kuziacha zingine, isipokuwa mteja amekubali kwa maneno yake kwamba anaweza kurudi. Zimechoka pamoja. Lenzi zilizobanduka huonekana kwenye kioo kama vidoa vyeupe vya mviringo. Safisha gundi ya zamani na uzirudishe juu ya taa zake sawasawa. Picha iliyokuwa na rangi ya bluu au zambarau kabla ya kuzimika inakwambia kwamba ile fosfori ya njano iliyofunika taa iliungua, na hapo mkondo ulikuwa mkubwa mno.

Mkondo huo ndio kiini cha jambo zima. Fundi anayeweka stripu mpya na kuufunga mfuniko ameahirisha ubovu, kwa sababu sakiti iliyoziua taa za kwanza inaendelea kusukuma vilevile. Karibu na aisii ya taa kuna rezista ndogo kadhaa zilizowekwa sambamba ambazo hupima mkondo unaopita kwenye taa. Zikiwa nne zenye thamani moja, ukiondoa moja mkondo hushuka hadi robo tatu, macho hayaoni tofauti kubwa, na joto hupungua waziwazi. Hakikisha tu ni rezista za kupima mkondo wa taa, si zile zilizo kwenye mguu wa mosfeti zinazoilinda sakiti, kwa sababu mahali pengine hizo mbili hukaa jirani na hufanana. Mbali na hilo, ingia kwenye menyu na ushushe kiwango cha taa za nyuma. Televisheni nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa 100 ili zing'ae mbele ya mnunuzi.

Mistari, nusu kioo, na kioo cheupe

Mstari mmoja mwembamba wa wima unaobadilika ukibonyeza taratibu ukingo wa kioo mahali tepe zilipo, ni gundi ya tepe iliyoachia. Kuirudisha kunahitaji mashine ya kubandikia kwa joto na shinikizo. Bila mashine hiyo, mwambie mteja ukweli siku hiyohiyo. Nusu nzima ya kioo ikipotea, kuna matumaini zaidi: chomoa waya wa utepe unaotoka T-CON kwenda upande huo, futa meno yake kwa alkoholi ya isopropili, rudisha, jaribu tena. Kioo kikiwa kinatoa mwanga wa kijivu au mweupe mtupu huku sauti ikiendelea, pima fyuzi ndogo ya T-CON, kisha umeme inaouzalisha: volti za kufungulia mistari huwa kati ya 20 na 30 na kitu, na za kufungia huwa hasi. Doa jeusi linalofanana na wino uliomwagika ni kioo kilichopasuka ndani, na halina dawa.

Sehemu ya mistari ninayoipokea imesababishwa na usafi. Maji yanayonyunyiziwa kioo hutiririka hadi ukingo wa chini, huingia ndani ya fremu, na katika modeli nyingi ndiko tepe zinakokaa. Kitambaa kikavu kinatosha. Doa gumu lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa vizuri.

Radi na tundu la HDMI

Rungwe ni kati ya wilaya zinazopata mvua nyingi sana nchini, na kuanzia Novemba hadi Mei mafundi wa Tukuyu na wa Mbeya hatukosi televisheni za radi. Mteja huapa kwamba alichomoa plagi, na anasema kweli, ila aliuacha waya wa dishi kwenye king'amuzi na king'amuzi kwenye televisheni. Dalili ni kwamba kila kitu kinawaka lakini tundu la HDMI haliioni chanzo chochote. Weka mita kwenye kipimo cha daiodi na ulinganishe miguu ya tundu hilo na ya tundu jirani la televisheni hiyohiyo: mguu unaosoma karibu na sifuri, au usiosoma kabisa wakati wa jirani unasoma, umekufa. Wakati mwingine kuhamia tundu la pili au la AV kunamtosha mteja, na hana sababu ya kulipia bodi.

HDMI hufa pia bila radi. King'amuzi chenye plagi ya miguu miwili hakina ethi, na ukigusa bati lake kwa mgongo wa kidole utahisi mtekenyo. Umeme huo mdogo hauumizi mtu, lakini unaweza kurukia miguu ya tundu unapochomeka waya vikiwa vimewashwa. Zima vyote viwili ukutani, kisha uchomeke.

Yaliyobaki

Rimoti ijaribiwe mbele ya kamera ya simu, hasa ile ya mbele. Ukibonyeza na usione nukta ya mwanga, safisha kutu ya betri kabla ya kuilaumu televisheni. Sauti ikipotea picha ikiwa salama, pima spika, ambazo kwa kawaida husoma kati ya omu 4 na 8, halafu aisii ya sauti na umeme wake.

Televisheni za volti 12 zinazotumiwa na umeme wa jua vijijini zina lao. Inayojizima sauti inapopandishwa mara nyingi haina ubovu wowote. Ikiwa inavuta ampea 2 kupitia waya mwembamba wa milimita mraba 0.5 kwa umbali wa mita 10, waya pekee, kwenda na kurudi, hula takriban volti 1.4, na betri yenye 12.2 inaifikishia 10.8. Ukitumia waya wa 1.5 upotevu hushuka hadi chini ya nusu volti. Iliyogeuziwa chanya na hasi kwa kawaida ina daiodi ya ulinzi iliyoshoti mlangoni na fyuzi iliyokatika, na ikiwa mwenyewe hakuziba fyuzi hiyo kwa karatasi ya sigara, itapona kwa vipuri viwili.

Baada ya matengenezo, funga mfuniko na uiache iwake saa tatu mfululizo, kwani taa na kapasita mbovu hujitokeza joto likishajifungia ndani. Ikiwa itasafiri, kwa basi au kwa bodaboda, isimamishwe wima kati ya magodoro au mablanketi, kioo kisiguse kitu kigumu, na isilazwe hata kama konda anasema buti lina nafasi.